Mteja wa Disney ni mzazi

Ukifika soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, wakati belo la fulana linafunguliwa, hukosi kuona masikio mawili meusi ya Mickey Mouse yakichomoza katikati ya lundo. Nyingi ni fulana za kawaida tu. Lakini mara mojamoja huibuka ya aina yake: imechapishwa jina la ukoo fulani wa Marekani, mwaka wa safari, na tangazo kwamba ukoo huo ulikwenda Disney. Zilichapishwa kwa pamoja, za babu na bibi, za wazazi, hata ya kitinda mimba, zikavaliwa siku chache, zikafuliwa, na baada ya miaka zikatolewa sadaka. Leo mojawapo inavaliwa na kijana wa bodaboda ambaye haujui ukoo huo, na ukoo huo haumjui.

Sisi tunashona sare kwa harusi, kwa arobaini, kwa mahafali: siku ambazo familia inataka ionekane kuwa ni familia. Huko Marekani watu wengi hufanya vivyo hivyo kwa safari ya kwenda kwenye viwanja vya burudani vya kampuni moja. Na aliyetoa pesa ya fulana, ya ndege na ya hoteli si mtoto. Ni mtu mzima aliyekuwa na jambo la kutangaza: tumeweza.

Kampuni ya Disney ilianzishwa Oktoba 1923, na kwa zaidi ya miaka 100 imeelezwa kuwa inauza ndoto kwa watoto. Maelezo hayo yanapendeza lakini yanamkosa mnunuzi. Mtoto hana pochi, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kufurahia boksi tupu la televisheni kutwa nzima. Anayenunua ni mzazi, na anachonunua ni uhakika kwamba kwa siku moja hataaibika mbele ya mwanawe: hatapotea njia, hatakosa choo, hatatapeliwa, hatalazimika kueleza jambo ambalo hajajiandaa kulieleza. Hamu hiyo haina taifa wala dini, na ndiyo maana bidhaa imepenya California, Tokyo, Paris na Shanghai, na sasa inaelekea Abu Dhabi.

Walt Disney mwenyewe alikuwa akisimulia chanzo chake hivyo hivyo. Mwishoni mwa wiki alizoea kuwapeleka binti zake wawili, Diane na Sharon, kwenye farasi wa kuzunguka katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles. Watoto wakipanda, yeye alikaa kwenye benchi akitafuna karanga. Hapo akajiuliza kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi kwa pamoja. Mzazi yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya bembea akiwa ameshika viatu na chupa ya maji ya mwanawe analijua benchi hilo.

Viwanja vya burudani vya Marekani wakati huo, vya mfano wa Coney Island ya New York, vilikuwa na sifa ya uchafu, ulevi na pata potea. Mke wa Walt, Lillian, hakuona kwa nini mtu ajiingize kwenye biashara ya namna hiyo. Mabenki nayo yalisita. Aliyemwokoa ni televisheni: kampuni ya ABC iliweka dola 500,000, ikadhamini mikopo ya hadi dola milioni 4.5, ikapata hisa pamoja na kipindi cha Disney cha kila wiki. Kwa hiyo kabla kiwanja hakijakamilika, familia za Marekani zilikuwa zimekwisha kukitazama zikiwa sebuleni.

Disneyland ilifunguliwa Jumapili ya 17 Julai 1955 huko Anaheim, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa, kwa gharama ya dola milioni 17 hivi. Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Walioingia walifika 28,000, wengi wao kwa tiketi bandia. Joto lilikuwa kali, lami ilikuwa bado changa, na visigino vya viatu vya akina mama vikawa vinazama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma siku za karibuni, kazi haikuwahi kwisha, ikabidi kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Walt alichagua vyoo. Watu wakalalamika kwamba wamenyimwa maji ili wanunue soda.

Pamoja na hayo, haikumaliza wiki 8 kabla ya kumpokea mgeni wa milioni moja. Wenye kampuni wakawa wamejifunza somo ambalo wapinzani wao walichelewa kulijua: kinachomvunja mzazi moyo mara chache ni bembea. Ni kiu, jua, choo na umati.

Tazama jinsi kiwanja kilivyopangwa. Lango la kuingilia ni moja, kwa hiyo mtoto hawezi kutokomea kwa mlango wa nyuma. Tuta la udongo limezunguka eneo lote, njia ya treni ikipita juu yake, ili ukiwa ndani usione barabara wala nguzo za umeme za mji. Barabara kuu ina maduka ambayo ghorofa zake za juu zimejengwa kwa kipimo kidogo kuliko za chini. Jicho linaona jengo refu, lakini mwili haujihisi umezidiwa. Mwishoni mwa barabara hiyo lipo kasri la mita 23, si refu sana, lakini limewekwa ili kila mgeni awe na kitu cha kuelekea bila kuuliza. Kila pipa la taka liko hatua chache kutoka jingine, kwani mtu mwenye ganda mkononi hatembei mbali kulitafutia pipa. Ubani wa kutafuna hauuzwi. Usiku, watu wakishatoka, eneo lote linaoshwa.

Wafanyakazi nao wana lugha yao. Mteja anaitwa mgeni. Mfanyakazi, hata awe wa kufagia, anaitwa mshiriki wa maonyesho, na akiwa mbele ya watu anahesabika yuko jukwaani. Akiulizwa njia haonyeshi kwa kidole kimoja. Anatumia viwili au kiganja chote, kwa sababu katika nchi nyingi kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu. Pale Florida, katika kiwanja kilichofunguliwa 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya Walt kufa, zipo njia za chini kwa chini ambamo wafanyakazi hupita, mizigo husafirishwa na taka husukumwa, ili mtoto asimwone mtu aliyevaa mavazi ya binti mfalme akipita na fuko la chakula cha mchana.

Ardhi ya Florida yenyewe, eka 27,000 hivi, ilinunuliwa kimyakimya kupitia kampuni zenye majina ya kufichia, ili wauzaji wasipandishe bei. Kisha mwaka 1967 bunge la jimbo likaipa kampuni madaraka ya kusimamia barabara, mifereji na zimamoto ndani ya eneo lake, karibu sawa na halmashauri. Kampuni ilikaa na madaraka hayo zaidi ya nusu karne kabla ya wanasiasa wa jimbo hilo kuyaingilia mwaka 2023. Hadithi hiyo husimuliwa kama ubabe wa tajiri, na ubabe umo. Lakini umeambatana na bidhaa: asiyesimamia mifereji hawezi kumhakikishia mtu kwamba hatalowa miguu.

Hadithi zimetengenezwa kwa kanuni ileile. Katika masimulizi ya ndugu Grimm, dada wa kambo wa Cinderella mmoja anakata kidole cha mguu na mwenzake anakata kisigino ili kiatu kiingie, na mwisho njiwa wanawatoboa macho. Filamu ya Disney ya mwaka 1950 haina kisu wala damu. Watu husema kampuni imezilainisha hadithi hizo kwa ajili ya watoto. Sidhani. Mtoto aliyelelewa na ngano za bibi, zenye zimwi linalomeza kijiji kizima, hatishiki na kisigino. Anayetishika ni mzazi, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa maswali usiku.

Wala kampuni haikuondoa huzuni yote. Katika Bambi ya mwaka 1942 mama anauawa kwa risasi. Katika The Lion King ya mwaka 1994 baba anakufa mbele ya macho ya mwanawe. Kifo kimeruhusiwa kuingia, ila kimesindikizwa: hakionyeshwi kwa kirefu, hakiachwi bila wimbo unaofuata, na mtoto anapogeuka anamkuta mzazi wake kwenye kiti cha pembeni. Ndiyo sababu watu wazima wengi hulia kwenye filamu hizo kuliko watoto. Wanalia wakiwa salama.

Gharama ya usafi huo inaonekana pale tunapohusika sisi. Mwaka 1946 Disney ilitoa Song of the South, filamu iliyotokana na visa vya sungura vilivyokusanywa na mwandishi Mzungu wa jimbo la Georgia, Joel Chandler Harris. Visa vyenyewe vilikuwa vya Waafrika waliosafirishwa utumwani, na mhusika wao tunamfahamu: mdogo, hana nguvu, anawashinda wakubwa kwa akili, na siku moja ananaswa kwenye sanamu ya lami. Yeyote aliyekulia kwenye ngano zetu ataona kwamba huyu ni ndugu wa Sungura wetu, mmoja aliyebaki na mmoja aliyevushwa bahari. Kwa mtumwa, ujanja wa sungura ulikuwa silaha ya moyoni. Kwenye filamu ulibaki uchangamfu, na mzee Mweusi anayewasimulia watoto wa Kizungu anaonekana hana dhiki yoyote duniani. Weusi wa Marekani walipinga tangu siku za mwanzo, lakini mwaka 1989 kampuni ilijenga mteremko wa maji kwa wahusika haohao. Ulidumu hadi 2023, ukabadilishwa, na mwaka 2024 ukafunguliwa upya kwa jina la Tiana, binti mfalme Mweusi wa New Orleans. Kilichobadilika kwa miaka hiyo yote ni dhamiri za wazazi: wazazi wa leo hawataki kuulizwa na mtoto yule mzee alikuwa nani.

Uhakika huo anaouzwa mzazi ulipotoka nje ya Marekani ulikutana na mtihani wake. Tokyo Disneyland ilifunguliwa 15 Aprili 1983. Disney, kwa kuhofia hasara, iliwaachia Wajapani wa Oriental Land Company wajenge na kumiliki, yenyewe ikapokea mrabaha. Wajapani hawakutaka Ujapani kwenye kiwanja hicho; walitaka Marekani yenyewe. Hata hivyo barabara kuu ilipauliwa kwa kioo kwa sababu ya mvua, na maduka yakajazwa makopo ya biskuti na peremende, kwa kuwa Mjapani akisafiri harudi mikono mitupu kwa jamaa na kwa wafanyakazi wenzake. Desturi hiyo Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Kiwanja kilijaa tangu mwanzo.

Ufaransa mambo yalikwenda kombo. Kiwanja cha Marne-la-Vallée, karibu na Paris, kilifunguliwa 12 Aprili 1992. Mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine alikuwa amekwisha kukiita Chernobyl ya kitamaduni, na maneno hayo yakazunguka dunia. Lakini kilichokiumiza zaidi kiwanja ni mambo ya mezani. Mvinyo ulipigwa marufuku katika nchi ambayo familia hula mchana kwa glasi ya mvinyo. Sehemu za kifungua kinywa zilifanywa ndogo kwa kudhani watu wa Ulaya hawaketi kula asubuhi, na foleni zikawa ndefu. Vyama vya wafanyakazi viligombana na mwajiri kuhusu masharti ya mavazi na nywele. Madeni yakalemea. Mwaka 1993 mvinyo ukaruhusiwa. Mwaka 1994 mwanamfalme wa Saudia, Alwaleed bin Talal, akaingiza mtaji. Mwaka 1995 faida ya kwanza ya mwaka ikapatikana. Mfaransa hakuwa amekataa Mickey. Alikataa kuambiwa, mbele ya watoto wake, kwamba hajui kula.

Hong Kong, ambako kiwanja kilifunguliwa 12 Septemba 2005, walijitahidi mapema: njia ya kuingilia iligeuzwa pembe kidogo kwa ushauri wa wataalamu wa feng shui, na supu ya mapezi ya papa ikaondolewa kwenye orodha ya karamu baada ya wanamazingira kupiga kelele. Lakini sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina ya 2006, kiwanja kilijaa, milango ikafungwa, na familia zenye tiketi halali kutoka China bara zikabaki nje. Baadhi ya watu walipanda uzio, na watoto wakapitishwa juu ya lango kutoka mikono hadi mikono. Picha hizo zilisikitisha, lakini zinaeleza kuliko ripoti yoyote ya biashara. Mtu aliyesafiri na mwanawe kwa ajili ya siku hiyo hawezi kumwambia turudi nyumbani.

Shanghai, mwaka 2016, ndipo waliposoma familia ilivyo. Kiwanja kiligharimu dola bilioni 5.5, na mbia wa Kichina, Shendi, ana asilimia 57. Hakuna barabara kuu ya Kimarekani. Mbele ya kasri kuna bustani pana yenye mahali pa kukaa, na michoro ya wanyama 12 wa kalenda ya Kichina imetengenezwa kwa wahusika wa Disney. Sababu ni ya wazi: baada ya miongo ya sera ya mtoto mmoja, mtoto wa Shanghai hufika na wazazi wawili pamoja na babu na bibi, na wazee hao hawapandi treni ya kushuka kwa kasi. Wanahitaji kivuli na mahali pa kuketi wakimwangalia mjukuu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, pa kuangalia kwa karibu zaidi ni Florida, ndani ya Animal Kingdom, kiwanja kilichofunguliwa 22 Aprili 1998. Humo kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, katika nchi isiyotajwa ya Afrika Mashariki. Msanifu wake, Joe Rohde, na wenzake walikuja huku, na sura ya Lamu imo kwenye kazi yao. Plasta ya kuta imebanduliwa kwa makusudi ili mawe ya matumbawe yachungulie. Rangi imefifishwa kwa brashi. Matangazo ya Kiswahili yamebandikwa juu ya mengine yaliyochanika, yote yamechanwa na fundi. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi Wazulu waliopelekwa kutoka Afrika Kusini. Kuna kibanda cha vitamutamu kinachoitwa Tamu Tamu, na baa ya Dawa. Njia ya safari, iliyopewa jina la Kilimanjaro, ina makorongo ya matairi yaliyofinyangwa kabla zege haijakauka. Simba analala juu ya mwamba unaopozwa kwa mitambo, kwa sababu simba wa porini hujificha jua likiwa kali na mgeni aliyelipa hawezi kuambiwa arudi saa kumi na moja alasiri. Ukilala hoteli ya jirani, jengo moja linaitwa Jambo House na jingine Kidani, unakula Boma au Jiko, unaogelea Uzima.

Ni kazi ya ustadi, na nisingependa kuibeza. Watu wale walitazama kuta zetu kwa heshima kuliko wapangaji wengi wa miji yetu, wanaobomoa baraza ili kupata maegesho. Lakini Harambe ni Lamu isiyo na wakazi. Ina nyufa zisizovuja, njia ya porini isiyokwama gari, na umaskini ambao hakuna mtu wa kuubeba. Mzazi wa Ohio anamwonyesha mwanawe Afrika bila kuhitaji kujibu swali lolote kuhusu Afrika.

Na usafi wa namna hiyo hufuta pia majina ya wenye mali. Wimbo wa simba uliowachangamsha watazamaji wa The Lion King ulitokana na Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, mfanyakazi wa kampuni ya kurekodi muziki aliyeuza haki zake kwa shilingi chache na kufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifungua kesi iliyoitaja Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 wahusika wakamalizana nje ya mahakama. Maneno hakuna matata, ambayo wapenzi wa muziki wa Mombasa waliyacheza na bendi ya Them Mushrooms miaka kumi na zaidi kabla ya filamu, kampuni iliyasajili Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara ya fulana. Hakuna Mswahili aliyezuiwa kuyatamka, lakini si ajabu watu walikasirika. Ni haki kuongeza kwamba kampuni hiyohiyo ilikwenda Katwe, Kampala, kupiga picha za Queen of Katwe ya mwaka 2016, na mwaka 2023 ikaonyesha Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za wasanii wa Afrika, wakiwamo wa Kenya na Uganda. Humo wenye hadithi wametajwa kwa majina.

Uhakika, hata hivyo, umepanda bei. Mwaka 1955 mtu mzima aliingia kwa dola 1, na bembea zililipiwa kwa senti. Mwaka 2024 tiketi ya siku moja ya Disneyland, siku za msongamano, ilivuka dola 200. Kuruka foleni kulikuwa bure tangu 1999. Mwaka 2021 kukawa kwa malipo, na leo mwenye uwezo anaweza kulipa dola 400 au zaidi kwa siku ili yeye peke yake akwepe foleni ndefu. Kampuni haina haja ya kuomba radhi: katika mwaka wa fedha wa 2024 viwanja, meli na bidhaa viliingiza dola bilioni 34, na zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji ilitoka huko. Lakini kitu kimevunjika. Hapo awali foleni ilikuwa ya wote. Mtoto wa wakili na mtoto wa dereva walichomwa na jua lilelile. Sasa mtoto anawaona wenzake wakipita pembeni, anauliza kwa nini, na mzazi anarudi kwenye aibu aliyolipa ili aikwepe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mkubwa amepona. Wenyeji wadogo, wale wanaotabasamu jukwaani, wamepona nusu. Utafiti uliogharamiwa na vyama vya wafanyakazi na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila kumi wa waliohojiwa wa Disneyland alikuwa amekosa makazi wakati fulani ndani ya miaka miwili. Mwaka 2024 maelfu ya wafanyakazi walipiga kura kuruhusu mgomo ndipo mshahara ukaongezwa. Wapo wazazi miongoni mwao ambao hutengeneza siku njema ya watoto wa wengine na hawana uwezo wa kuinunua kwa ajili ya watoto wao.

Wakosoaji wa zamani walitazama kwingine. Mwaka 1971, katika Chile ya Salvador Allende, Ariel Dorfman na Armand Mattelart walichapisha kitabu kuhusu vibonzo vya Donald Duck, wakidai kwamba vinamfundisha mtoto wa nchi maskini kukubali utawala wa matajiri. Baada ya mapinduzi ya 1973 wanajeshi walikichoma kitabu hicho, jambo linaloonyesha kilimgusa nani. Bado naona walimpa mtoto uzito mno. Watoto wa Dar na Mombasa wamekua na Simba na Elsa, wamebeba mikoba yao shuleni, mingi ikiwa ya kuigiza isiyoilipa Disney hata senti, na hawajawa Wamarekani. Anayebadilika ni mzazi: anaanza kuamini kwamba siku njema ya familia ni kitu cha kununuliwa mbali, kwa mkopo, kutoka kwa wataalamu.

Imani hiyo sasa inasogea karibu nasi. Tarehe 7 Mei 2025 Disney na kampuni ya Miral zilitangaza kiwanja kipya katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, cha kwanza Mashariki ya Kati. Miral itajenga na kulipia. Disney itasanifu na kuchukua mrabaha, mtindo ulioanzia Tokyo. Waliotangaza walijigamba kwamba theluthi moja ya watu wa dunia wanaishi ndani ya saa nne za ndege kutoka huko. Ghuba tunaifahamu kwa misimu ya pepo na majahazi, na leo kwa mikataba ya kazi za hoteli, ulinzi na majumbani. Baadhi ya jamaa zetu watakwenda na tiketi. Wengi zaidi, nadhani, watakwenda na viza ya kazi.

Sina neno na atakayejichanga akampeleka mwanawe. Ila tusidanganyike kwamba kinachotupungukia ni kasri. Idi ikifika Unguja, watoto wenye nguo mpya na pesa za sikukuu hujaa Mnazi Mmoja na Kariakoo, na furaha yao haina haja ya msanifu wa California. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kidete jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, Nairobi, kwa sababu alijua mzazi asiye na kitu anahitaji pa kumkalisha mtoto Jumapili. Viwanja vya namna hiyo tunavyo, na vingine tunaviuza kwa mapande. Vilivyobaki mara nyingi havina hata maji ya kunywa, kosa ambalo Walt Disney alilifanya siku ya kwanza na hakulirudia tena.

Kwa hiyo anayetaka udiwani kwenye kata yangu asituahidi treni ya angani wala sanamu ya simba. Atuambie choo kitafunguliwa na nani, maji ya kunywa yatatoka bomba gani, miti ya kivuli itapandwa lini, na mama aliyekuja na watoto watatu ataketi wapi. Akivitimiza hivyo vinne, atakuwa ameijua siri ya Disney, na hatatulipisha mrabaha.